Milio Minne ya Nyumbu Kiziwi

Orval Pruitt alitangaza kuutundika mkanda wake huku akimwagia mkate mchuzi mweupe, kwa sauti ile ile ambayo angesema leo upepo umegeuka.

"Jumamosi hii," alisema. "Napiga risasi zangu tano za kuagana, kama hata hizo zitapigika, halafu msumari."

Binti yake Nelda alikuwa akimlisha mtoto uji. Kijiko kikaganda hewani. Wren, aliyekuwa amefungua kinywa kama kinda la ndege, akakisubiri, akachoka kusubiri, akakivuta mwenyewe na kujipaka uji mpaka kwenye nyusi.

"Msumari, baba?"

"Ee?"

"Nasema, MSUMARI?"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi," alisema mzee, akacheka peke yake. Kiziwi alikuwa kweli, na mzaha huo aliurudia kila asubuhi.

Pale klabu ya Bonde la Chumvi, kila mwanachama alikuwa na msumari wake kwenye ukuta wa ndani wa banda la mabati. Juu ya kila msumari palikuwa na kibao, na kwenye kibao jina lililochomwa kwa chuma cha moto. Si jina la kwenye leseni. Ni jina la uwanjani, lile ambalo mtu hujichagulia siku anapovaa kofia pana na buti za kisigino kwa mara ya kwanza, akaja kupiga shabaha za chuma kwa bastola za enzi za mababu. Majina hayarudiwi. Muuza bima wa mjini, Dub Hargis, alikuwa Jaji Pilipili. Consuelo Baca, mwenye mgahawa wa kando ya barabara kuu, alikuwa Bibi Baruti. Orval alikuwa Nyumbu Kiziwi. Alilichagua kwa utani enzi anasikia hata panya akipita darini, kisha mitambo ya kuchimbia visima na moshi wa baruti vikalifanya jina kuwa kweli.

Msumari wa mtu hukaa mtupu maadamu bado anapiga. Akiacha, au akifa, mkanda wake hutundikwa pale pamoja na ala zake, na hauteremshwi tena.

Nelda aliujua ukuta ule tangu akiwa hafiki mezani. Mikanda ya wafu na mikanda ya waliochoka ilining'inia pamoja, ngozi imepasuka kama midomo ya kiangazi, na kwa kuitazama tu usingeweza kujua ni nani yuko makaburini na ni nani yuko nyumbani mbele ya televisheni. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amewaona wazee waliotundika mikanda yao wakiwa wima kabisa, na mwaka haukuisha walikuwa hawatoki hata kuchukua gazeti getini.

"Ni kidole tu, baba."

"Ni kidole tu," mzee alikubali, akakiinua. Kilikuwa gumba cha mkono wa kulia, kimevimba shinani kama fundo la mti. Cha kushoto hakikuwepo. Kilichukuliwa na mnyororo wa mtambo wa kuchimbia kisima kabla Nelda hajazaliwa, na tangu hapo Orval alipiga kwa mkono wa kulia tu, bastola moja kisha nyingine, kasimama ubavu, mtindo wa kizamani. Na bastola hizi hazina huruma kwa mtu wa gumba moja. Hazifyatuki kwa kubonyezwa tu kama za askari wa leo. Kila risasi inataka nyundo iliyo nyuma ivutwe kwa gumba mpaka mwisho, ndipo ufyatue. Ukitaka nyingine, vuta tena.

"Daktari anasema gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Basi. Sikufa. Nitakuwa nakuja kula maharage na kuwatukana." Akaukata mkate kwa uma, kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. "Mpanguse mtoto, anafanana na Dub."

Bastola zenyewe zilikuwa mbili, pacha, nakala za bastola maarufu ya mwaka 1873, zilizotengenezwa Italia na kuletwa huku kwenye maboksi ya karatasi. Kuna watu huzicheka nakala. Orval aliwajibu kwamba ya asili hukaa nyuma ya kioo ikaogopwa, lakini nakala unailea. Na yeye alizilea. Zilipofika zilikuwa zimelowa grisi nyeusi, mipini imepakwa vanishi nyekundu kama pipi. Alizikwangua. Alichonga mipini mipya kutoka nguzo ya uzio ya mesquite, mti mgumu wa jangwani, iliyokuwa imesimama kwenye shamba la baba yake, akaipaka mafuta kwa kiganja, jioni baada ya jioni, mpaka mti ukawa na mng'ao wa shingo ya farasi. Kwenye fremu ya chuma kulikuwa na rangi za moto, samawati na kahawia na zambarau zimeingiliana kama mafuta juu ya dimbwi, na hizo hakuzigusa kabisa. Alisema zile hazikupakwa na mtu, zilijitokeza zenyewe, na kitu kilichojitokeza chenyewe mtu hukiacha.

Nelda alipokuwa mdogo, kabla hajajua kusoma, baba yake aliwahi kumkalisha kwenye meza ya jikoni. Akaifungua bastola ya kulia, akamwonyesha matundu sita ya silinda, moja moja, mwanga wa dirisha ukipita katika kila moja. "Unaona? Tupu. Sema tupu." Mtoto akasema tupu. Ndipo akaielekeza ukutani, akasogeza sikio la bintiye karibu, akaivuta nyundo polepole.

Ti. Ka. Tk. TA.

"Tena," mtoto alisema.

Milio minne, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza, nyundo inajiinua kidogo kama mtu anayeamka. Wa pili, inasimama nusu njia na silinda inaachiwa izunguke, upate kujaza. Wa tatu, kipande kidogo kinachomoza kutoka chini na kuikamata silinda isitikisike. Wa nne, iko tayari. Mtoto hakuelewa kazi hizo. Alielewa kwamba ndani ya chuma kile kulikuwa na kitu kinachojua mpangilio, hakikosei, hakiruki. Alikaa na mshangao huo miaka yote, hata alipokua, hata alipoolewa na Teague ambaye kazi ya mafuta humchukua kwa majuma. Alipoanza masomo ya jioni ya ufundi wa bastola kwenye chuo cha wilaya, na mwalimu akaifungua moja mbele yao, Nelda aliona vipande vichache tu vimelala juu ya kitambaa. Nyundo, springi bapa, vijiti kadhaa vyenye meno. Vyote vingeenea kwenye kisahani cha chai. Wanafunzi wengine walisema, kumbe ni hivi tu. Yeye akainama karibu zaidi. Hivi tu! Na mtu fulani, kwa mwanga wa taa ya mafuta, alikaa akaviwaza vikubaliane.

"Nipe ya kulia," alimwambia baba yake.

"Ya nini?"

"Niifanyie gumba lako."

"Masomo ya jioni yamekupanda kichwani."

"Yamenipanda. Nipe."

Mzee alimtazama, akamtazama na mjukuu, akaenda kuileta.

Kwanza alichukua unga wa kuchezea wa Wren, ule wa kijani, akaukanda ukawa laini. "Weka gumba hapa, baba. Bonyeza kama unavyovuta nyundo." Orval akabonyeza, akikunja uso. Wren akaona babu naye anacheza, akabonyeza lake pembeni. Zikabaki alama mbili, moja kubwa iliyopinda na moja kama punje ya dengu.

Kwa alama ile kubwa Nelda alichonga mkia wa nyundo mpya. Ule wa zamani ulikuwa juu na mwembamba. Wa sasa aliushusha chini na kuupanua, akautia mkunjo ule ule uliokuwa kwenye unga, ili gumba lililopinda likae bila kulazimishwa kunyooka. Alifanya kazi mchana, Wren akiwa amelala, kwenye chumba kidogo chenye kufuli ambako mtoto hakuingia. Springi kubwa inayoisukuma nyundo aliipunguza unene kwa jiwe, taratibu, akiijaribu na kuirudia. Halafu kazi ikamnogea. Springi mbili ndogo za ndani akazitoa, akatia laini za waya zilizouzwa kwenye pakiti. Akasugua kila mahali chuma kinapogusana na chuma. Alipomaliza, nyundo ilirudi nyuma kama kijiko kwenye siagi iliyoachwa juani. Aliivuta kwa kidole kidogo cha mwisho, akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo asimwamshe mtoto.

Jumatano mchana wakaenda uwanjani kujaribu. Consuelo alikuwa kwenye meza ya kujazia risasi, ndiye msimamizi, miwani imening'inia kifuani. Dub alikuwa akipaka rangi shabaha.

"Nyumbu! Nasikia binti yako amekugeuza gari, umepelekwa gereji!"

"Ee?"

"NASEMA UMEPELEKWA GEREJI!"

"Ndiyo, kuna joto," Orval alimjibu kwa upole, na Consuelo akacheka mpaka miwani ikagonga meza.

Orval aliishika bastola. Akaivuta nyundo mara moja, tupu, na uso wake ukafunguka kwa mshangao. Hakuumia. Dub alisogea, naye akaomba aijaribu, akapiga mluzi. "Bibi Msasa! Umesugua mpaka umemsugua na baba yako. Tazama, amekuwa kijana."

Kisha mzee akaanza kujaza. Kwao kuna namna moja tu ya kujaza, na hujifunza kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Bastola ina matundu sita, lakini hutiwa risasi tano. Unatia moja, unaruka tundu, unatia nne, unaivuta nyundo mpaka mwisho na kuilaza polepole. Ukifuata hivyo, nyundo inalala juu ya tundu tupu, na bastola hata ikianguka kwenye mawe haimdhuru mtu. Wengine hutazama na kuhesabu kwa midomo. Orval hakuwahi. Yeye alijaza huku akitazama milima, kama mwanamke anayefuma sweta huku anaongea.

Alitia. Akazungusha. Akatia. Mkono ukasita. Akazungusha tena. Akaivuta nyundo, akailaza.

Consuelo aliinama kutazama kwa ubavu, pale kwenye upenyo ambapo vitako vya risasi huonekana. Kicheko kikamtoka usoni.

"Orval," alisema, na hakumwita kwa jina la uwanjani. "Iache mezani. Mikono kando."

Nelda aliona. Chini ya nyundo palikuwa na shaba. Nyundo ilikuwa imelala juu ya risasi hai.

Kuna makosa yanayochekwa pale Bonde la Chumvi mwaka mzima. Kupiga ng'ombe wa bati badala ya jambazi wa bati, kuangusha suruali, kusahau bunduki nyumbani. Hili halichekwi. Dub, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, alirudi kwenye rangi zake bila neno. Consuelo alizitoa risasi mwenyewe, moja moja, akaziweka kiganjani mwa mzee na kuukunja mkono wake kama anampa mtoto sarafu.

Ndani ya gari, wakivuka daraja la mto mkavu, Orval akasema:

"Kidole kwanza. Sasa kichwa."

"Umehesabu vibaya tu, baba. Hutokea."

"Sikuhesabu vibaya, Nelda. Sikuhesabu." Alikuwa akitazama barabara. "Sijawahi kuhesabu maisha yangu yote. Najua tu. Leo sikujua." Halafu, baadaye kidogo: "Jumamosi nautundika. Tano za kuagana atanipigia Dub."

Siku mbili hizo alikuwa mpole mno, na upole huo ulimuumiza Nelda kuliko hasira. Aliupaka mkanda mafuta. Aliling'arisha na bizimu lake la shaba, kwa ajili ya ukutani.

Ijumaa Nelda alipika mchuzi wa pilipili za kijani na nyama ya nguruwe, mchuzi anaoupenda baba yake, maana hakujua afanye nini kingine. Akaitega saa ya jikoni, ile ya umbo la kuku, inayozungushwa shingo na kuhesabu dakika kwa kujikongoja mpaka ilie. Akaiweka mezani na kukatakata viazi.

Wren aliinyakua. Akaitazama. Halafu, kwa umakini wa mtu mzima anayeonja chumvi, akaibandika kwenye taya lake.

Macho yakamtoka. Akatulia kabisa. Akaihamisha kwenye meno, akacheka, akairudisha kwenye taya, akafumba macho. Alikuwa akisikiliza, lakini si kwa sikio. Kuku yule alikuwa akitembea ndani ya mfupa wake. Dakika zilipoisha na kengele kulia, Wren hakuijali kengele. Alihuzunika kwa kuwa mwendo ulikuwa umekoma. Akaitikisa saa, akaibandika tena, akaangua kilio cha mtu aliyefiwa.

Nelda alisimama na kisu mkononi, viazi vimeachwa nusu.

Hakuhesabu. Alijua tu. Mzee kiziwi ambaye hasikii mlango ukigongwa, alijua silinda iko wapi, tundu gani limepita, tundu gani lipo. Alijua kwa kitu gani? Kwa gumba. Milio ile minne haikuwa imemwacha masikio yalipomwacha. Ilihama tu, ikaenda kukaa kwenye mfupa. Na yeye Nelda, kwa mapenzi yote na jiwe lake na pakiti yake ya springi laini, aliketi mchana kutwa akiisugua mpaka ikanyamaza. Alimrahisishia baba yake kuivuta, na akamnyang'anya sauti ya mwisho aliyokuwa nayo.

Alimzungushia Wren kuku, akamketisha kwenye kiti chake, akambusu utosini kwa nguvu mpaka mtoto akashangaa. "Asante, mama. Asante, mwalimu wangu."

Springi ndogo za zamani alizitunza kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Hilo chuoni walilisisitiza, kwamba cha mteja hakitupwi. Wren alipolala mchana aliingia kwenye chumba chenye kufuli, akaifungua bastola, akatoa zile za waya. Springi kubwa aliyoipunguza aliiacha, na mkia mpana akauacha. Akarudisha ile bapa yenye ndimi mbili, mmoja wa kusukuma kifyatulio na mwingine wa kusukuma kile kipande cha chini, kisha ile ndogo zaidi inayokisukuma kijiti cha kuzungushia. Akafunga skrubu. Akahakikisha matundu sita ni matupu, mwanga wa dirisha ukipita katika kila moja.

Kisha akachukua viziba masikio vya baba yake, vile vikubwa vya uwanjani, akavivaa. Nyumba ikafutika. Friji, upepo, mbwa wa jirani, vyote vikaisha. Akafumba macho, akaielekeza ukutani, akaweka gumba.

Ti.

Ilimpanda kwenye kucha. Ka, hiyo ikafika kifundoni. Tk, ndogo, kavu, kama mtu anayegonga kwa adabu, ikapita kwenye kiwiko. Na TA, pana, tulivu, ikakaa begani na kubaki hapo.

Nelda hakuweza kufungua macho. Alikuwa ameijua milio hii tangu utotoni na hakuwa ameijua. Ndivyo alivyoishi baba yake, basi. Ndani ya kimya kikubwa hivi, na humo ndani, kitu kimoja kinachoongea naye, kinachosema kwa mpangilio ule ule bila kukosea. Akaivuta tena. Akaivuta tena. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa chumba katika nyumba aliyozaliwa, chumba asichowahi kujua kama kipo.

Jumamosi watu walikuja wengi, maana habari ya msumari husambaa. Kofia pana, sketi ndefu zilizokokota vumbi, visibau, ndevu zilizochanwa. Consuelo alileta sufuria ya maharage na mikate ya mahindi. Orval alivaa koti lake jeusi, lile la mazishi, na mkanda ukiwa kiunoni kwa mara ya mwisho. Bastola ya kushoto ilikuwa kwenye ala. Ala ya kulia ilikuwa tupu.

Wren alikuwa mgongoni mwa mama yake, viziba masikio vya rangi ya waridi vimemfunika nusu ya kichwa, na juu yake kofia ya kitambaa iliyoshonwa na Consuelo.

"Haya, Dub," mzee alisema. "Nipigie tano zangu."

"Mimi?" Dub alirudi nyuma. "Mzee, mimi nikikupigia hata moja haigongi chuma. Watakuja kusema Nyumbu alikuwa hajui kupiga."

"Atapiga mwenyewe," Nelda alisema, akaiweka ile ya kulia juu ya meza ya kujazia, imefunguliwa, tupu.

Orval aliitazama kama mtu anayeitazama sahani iliyowahi kumtapisha. "Ile bubu."

Aliisema polepole, na Nelda akajua kwamba baba yake naye alikuwa amelijua kosa lile, labda tangu kwenye gari, na amelinyamazia ili asimvunje moyo.

"Ijaribu tupu kwanza, baba. Kwa ajili yangu."

Akaishika. Akaielekeza kwenye tuta la udongo. Gumba lililopinda likaupata mkia, likakaa kwenye mkunjo wake lenyewe, kama linaingia kwenye kitanda chake. Akavuta.

Nelda hakuitazama bastola. Aliutazama uso. Aliona mlio wa kwanza ukifika, pembe ya jicho ikaruka. Wa pili. Wa tatu, midomo ikafunguka kidogo. Wa nne, mzee akasimama hivyo hivyo, nyundo nyuma, hapumui, na machozi hayakushuka lakini yalikuja mpaka ukingoni na kukaa.

"Aaah," alisema. "Kumbe uko humo."

Hakuna aliyejua anasema na nani. Consuelo akavaa miwani yake kwa haraka isiyo ya lazima.

Akajaza. Alitazama milima. Akatia moja, akaruka, akatia nne, akavuta, akalaza. Consuelo akainama ubavuni, akakaa pale muda mrefu kuliko kawaida, akanyanyuka.

"Tupu chini ya nyundo," alitangaza kwa sauti ya kanisani. "Nyumbu Kiziwi yuko tayari."

Nelda alizibana kamba za mtoto kifuani. Alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Jumatano hawakufika kwenye kupiga. Springi kubwa ilikuwa nyembamba, nyundo ilipiga kwa upole, na hakuna mtu duniani aliyejua kama upole ule ungetosha kuwasha fataki, kile kidonge cha baruti kwenye kitako cha risasi.

Orval akasimama ubavu. Akavuta. Moshi mweupe, na jambazi wa bati akalia ngaa. Akavuta. Ngaa. Akavuta. Ngaa. Akavuta, na ikasikika tk kavu, bila moshi.

Nelda akaishika miguu ya Wren iliyoning'inia kiunoni mwake.

Orval hakutikisika. Akavuta tena, na ya tano ikawaka, ngaa. Zilikuwa zimekwisha. Kwa taratibu zao mtu hapo hushusha bastola, akahesabiwa kosa moja, akapigiwa makofi. Lakini mzee hakuishusha. Akavuta, nyundo ikaanguka juu ya lile tundu tupu. Akavuta tena, juu ya ganda lililokwisha kupigwa. Dub akamgeukia Consuelo, mdomo wazi. Consuelo akainua kiganja, nyamaza.

Alikuwa akiizungusha silinda yote kuirudia ile risasi iliyokataa. Kwa gumba lile. Mtu aliyekuwa hawezi kuivuta nyundo hata mara moja bila kusaga meno, alikuwa anazivuta zote tena, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake gizani, anajua ya mwisho iko wapi. Ganda. Ganda jingine. Akasimama kidogo, akautabasamia mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemhesabia. Akavuta, milio minne, na Nelda akaisikia yote kwenye mifupa yake ingawa alikuwa mbali.

Moshi. Ngaa!

Banda zima lilipiga kelele. Kofia zilirushwa. Wren, ambaye hakuwa amesikia chochote chini ya vile viziba vyake, aliona watu wanafurahi, akaanza kupiga makofi kwenye mgongo wa mama yake.

"Mzee," Dub alisema alipofika na saa ya kuhesabia mkononi, "huu ndio muda mbaya kuliko wote tangu klabu ianzishwe. Kuna kobe alipita hapa mwaka jana akakushinda."

"Ee?"

"NASEMA KOBE!"

"Asante, Dub. Na wewe umependeza."

Orval aliyatoa maganda, akamwonyesha Consuelo matundu sita, akairudisha ile ya kulia kwenye ala yake. Kisha akaingia bandani, na watu wote nyuma yake, mpaka mbele ya msumari wenye kibao cha Nyumbu Kiziwi. Kelele zikafa. Mkono wake ukaenda kwenye bizimu la mkanda.

Mkono ukalipita bizimu, ukaenda kwenye ala ya kushoto. Akaitoa ile pacha ya pili, akaifungua, akaithibitisha ni tupu, akamnyooshea bintiye, mpini mbele.

"Huyu bado ana shingo ngumu," alisema. "Mtengenezee mkia kama wa mwenzake. Na ile springi kubwa ya huyu wa kulia, kaza kidogo, umeisugua kupita kiasi. Ya nne imeniaibisha mbele ya Dub." Akafikiri. "Milio usiiguse."

"Sitaigusa, baba."

"Mwezi ujao nataka wawili."

Kisha akautazama msumari wake mtupu, kama mtu asiyependa aliyekuja kumpokea arudi mikono mitupu. Akanyoosha mkono mgongoni kwa Nelda, akamvua Wren kofia yake ya kitambaa, akaitundika pale. Wren akaitazama kofia yake ikibembea chini ya jina la babu, akainyooshea vidole vyote vitano, na hakulia.

Nelda alisimama ameikumbatia ile ya kushoto kwa mikono miwili. Consuelo alikuwa akiita watu kwenye maharage, Dub akisimulia habari za kobe kwa aliyekuwa tayari kusikiliza. Yeye akageukia tuta la udongo lililo wazi nyuma ya banda, akaielekeza huko, akaweka gumba lake juu ya nyundo ile ngumu, akafumba macho, akangoja mlio wa kwanza.